Istilahi za Uchapaji Mpya: Uhakiki wa Waraka Mmoja

Kampuni moja ya uchapaji, ambayo kwa miaka mingi ilifanya kazi zake kwa mitambo ya ofseti, imenunua mtambo wa kidijitali na kuwapelekea wateja wake waraka wa kuwaeleza mabadiliko hayo. Waraka umeandikwa kwa Kiswahili, na kwa hilo kampuni inastahili pongezi, kwani wengine wangetosheka na Kiingereza. Hatutaitaja kampuni yenyewe, kwa sababu makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake. Yamo pia katika hati za zabuni, katika ankara na katika barua za ofisi zinazoagiza kazi za chapa. Tunakusudia kuyahakiki maneno machache ya waraka huo na kuonyesha kwamba neno lisilo sahihi katika shughuli hii humgharimu mtu fedha.

Waraka unaanza hivi: "Sisi ni wachapishaji wenye uzoefu." Hapa pana kosa la kwanza, nalo ndilo zito kuliko yote. Neno "chapa" tumelipata kutoka Bara Hindi, nalo likakaa nasi likimaanisha alama inayoachwa na kitu kilichogandamizwa juu ya kingine. Kutoka Kiarabu tulipata "matbaa", na wakati wa utawala wa Sayyid Barghash (1870–1888) Unguja ilikuwa tayari na matbaa ya herufi za Kiarabu. Misheni ya UMCA nayo ilikuwa na mtambo wake huko huko Unguja, na mwaka 1888 ilianza kutoa jarida la Msimulizi. Kazi hiyo iliitwa "kupiga chapa", na jina hilo lingali hai katika cheo cha Mpigachapa Mkuu wa Serikali. Kutokana na nomino hiyo tukapata kitenzi "kuchapa", na kutokana na kitenzi tukapata kauli ya kutendesha, "kuchapisha".

Sarufi yenyewe imekwisha kutufanyia kazi. Achapaye ni mwenye mtambo. Achapishaye ni yule anayesababisha kitu kichapwe: anaupokea mswada, anauhariri, anaugharimia, anauombea namba ya kitabu, kisha anautoa kwa umma na kuuza. Mchapaji na mchapishaji ni watu wawili, hata pale wanapokaa chini ya paa moja. Mwalimu mmoja mstaafu tunayemfahamu aliupeleka mswada wake wa historia ya kijiji chao kwa kampuni iliyojiita ya uchapishaji. Alilipia nakala 300, akaamini kwamba zitahaririwa na kupelekwa madukani. Alipoziendea aliambiwa azichukue zote siku hiyo hiyo, maana ghala halina nafasi. Makosa yote ya mswada yalikuwamo kama alivyoyaandika. Kampuni haikumdanganya kwa kusudi. Ilitumia neno lisilokuwa lake, na mwalimu akalielewa kama kamusi inavyolieleza.

Huenda watu huikimbia kauli "kuchapwa" kwa sababu mtoto naye huchapwa fimbo, wakaona "kuchapishwa" ina heshima zaidi. Hoja hiyo haina nguvu. Kiswahili kina maneno mengi yenye maana mbili, na muktadha huyatenganisha bila taabu. Hakuna msomaji atakayedhani kwamba kitabu kilichochapwa kimepigwa viboko. Tunakiri kwamba katika programu za kompyuta amri ya "chapisha" imekwisha kuenea, na pengine si kosa, kwa kuwa anayeibofya anaufanya mtambo uchape. Lakini jina la mtendaji lazima lilindwe. Mwenye mtambo aitwe mchapaji au mpigachapa, na kampuni yake iitwe ya uchapaji.

Kosa la pili limo katika kichwa cha habari cha waraka: "Kutoka Ofseti kwenda Dijitali." Maneno haya mawili yamezoeleka kuwekwa sambamba, na wafasiri wengi huyachukua kuwa kinyume. Tuyapime kwa kutazama kazi yenyewe.

Katika ofseti picha ya ukurasa huwekwa juu ya bamba jembamba la alumini. Sehemu zenye maandishi hupokea wino wa mafuta na kukataa maji. Sehemu tupu hupokea maji na kukataa wino. Bamba halikutani na karatasi. Huukabidhi wino kwa mpira uliovikwa juu ya rola, ambao wachapaji huuita blanketi, na mpira huo ndio unaoigusa karatasi. Makabidhiano hayo ndiyo yaliyoupa mtindo huu jina lake. Kwa hiyo "ofseti" inataja njia ambayo wino unapita. "Kidijitali", kwa upande wake, inataja asili ya picha, yaani kwamba imehifadhiwa kwa tarakimu ndani ya kompyuta. Kuyashindanisha maneno haya mawili ni sawa na kuuliza kama mtu amesafiri kwa basi au amesafiri usiku.

Ushahidi uko karakanani. Tangu miaka ya 1990 mabamba ya ofseti yamekuwa yakiandikwa kwa miale ya leza moja kwa moja kutoka kompyuta, pasipo filamu. Ofseti ya namna hiyo ni ya kidijitali mpaka mlangoni pa mtambo. Kwa upande mwingine, mitambo ya Indigo, ambayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1993 na huhesabiwa miongoni mwa mitambo ya kidijitali, hupitisha wino juu ya blanketi kabla ya kuufikisha kwenye karatasi, yaani hufanya ofseti. Jina lililokusudiwa kutenganisha limeshindwa kutenganisha.

Basi tofauti ya kweli ni ipi? Ni kule kudumu kwa picha. Bamba la ofseti likishaandikwa halibadiliki, na kila karatasi hupokea picha ile ile. Katika mtambo mpya hakuna picha ya kudumu. Huandikwa upya kwa kila nakala, ama kwa chaji za umeme zinazovuta tona, ama kwa matone ya wino yanayorushwa juu ya karatasi. Hata ile ngozi inayopokea picha ndani ya Indigo huandikwa upya katika kila mzunguko.

Tofauti hiyo ndiyo inayomhusu mteja. Tuchukue kitabu cha kurasa 160 kinachochapwa kurasa 16 katika kila karatasi kubwa, nane upande huu na nane upande ule. Kinahitaji karatasi kubwa 10, yaani mabamba 20 kwa wino mweusi peke yake. Kikiwa cha rangi nne, mabamba yatakuwa 80. Gharama ya mabamba hayo ni ile ile, iwe zinachapwa nakala 100 au 10,000; na kabla ya nakala nzuri ya kwanza kutoka, karatasi kadhaa huharibika wakati mtambo unarekebishwa. Ndiyo maana katika ofseti bei ya nakala moja hushuka kadiri idadi inavyopanda. Pasipo bamba bei ya nakala moja karibu haibadiliki, nakala 50 huwezekana bila hasara, na kila nakala inaweza kubeba jina au namba yake, kama ilivyo katika vyeti na kadi za mialiko.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza istilahi mbili zinazolingana: "uchapaji wa bamba" na "uchapaji bila bamba". Afisa manunuzi akiziona katika hati ya bei ataelewa papo hapo kwa nini nakala 200 zina bei hii na nakala 5,000 zina bei ile. Neno "kidijitali" hatulipigi vita. Limekwisha kuingia, kama "kompyuta" ilivyoingia na kuwa neno la kawaida ingawa "tarakilishi" na "ngamizi" zilipendekezwa. Litumike pale linapozungumziwa faili, si pale inapotenganishwa mitambo. Anaweza kutokea mwenye kupinga kwamba herufi za risasi nazo hazikuwa bamba, wala uchapaji wa wavu kwenye fulana hauna bamba. Ni kweli. Lakini mitindo hiyo ina majina yake yanayoeleweka, na istilahi hizi zimekusudiwa mahali ambapo mteja anachagulishwa kati ya mitambo miwili.

Hilo latufikisha kwenye kosa la tatu. Waraka unaahidi kwamba "gharama za sahani zimeondolewa kabisa." Mfasiri amelichukua neno la kwanza aliloliona katika kamusi. Msomaji asiyejua kazi ya chapa atadhani kampuni ilikuwa ikiwalisha wateja wake. Karakanani wafanyakazi husema "pleti", na katika maandishi rasmi tunalo "bamba", linaloeleza kipande chembamba cha madini. Mfasiri angeuliza swali moja tu kwa mwendesha mtambo asingeandika "sahani".

Kosa la nne halichekeshi. Waraka unamtaka mteja "atie sahihi kwenye uthibitisho" kabla ya kazi kuanza. Kilichokusudiwa ni prufu, yaani nakala ya kwanza inayotolewa ili isomwe na kusahihishwa. Katika maisha ya ofisi uthibitisho ni kukiri kwamba kitu fulani ni kweli au kimepokelewa. Ofisi moja iliagiza nakala 500 za mwongozo wa walimu kwa utaratibu kama huo. Karani alitia sahihi akidhani anakiri kupokea bahasha. Katika jedwali moja safu mbili zilikuwa zimebadilishana mahali, na nakala zote 500 zikatoka hivyo. Ofisi ilipolalamika ilionyeshwa sahihi ya karani wake. Kama karatasi ile ingeandikwa "Prufu: soma na usahihishe kabla ya kutia sahihi", kosa lingeonekana. Neno "prufu" lina asili ya kigeni, lakini wahariri wetu wamelitumia kwa miaka mingi, na hakuna sababu ya kulitupa.

La tano ni "chapa fupi" na "chapa kwa mahitaji". Haya yote ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Ufupi si sifa ya chapa. Kilichopungua ni idadi. Tuseme "uchapaji wa nakala chache", na pale kitabu kinapochapwa baada ya mnunuzi kukiagiza tuseme "uchapaji kwa agizo".

Utaratibu huu wa agizo unaleta swali ambalo waraka haukuligusa. Katika ukurasa wa haki za kitabu tumezoea kutofautisha "toleo", ambalo hubadilika yaliyomo yakibadilika, na "chapa", ambayo ni mara moja ya kuchapa nakala nyingi za toleo lile lile. Mwalimu huwaambia wanafunzi wafungue ukurasa wa 45 kwa kuamini kwamba vitabu vya toleo moja ni sawa. Pasipo bamba mwandishi anaweza kubadili sentensi leo na nyingine kesho, na nakala mbili zilizonunuliwa mwezi mmoja zikatofautiana. Tunaonelea kanuni ya zamani idumishwe kwa ukali zaidi: badiliko lolote la maana liitwe toleo jipya na lipewe namba, na penye uchapaji kwa agizo, badala ya "chapa ya tatu", itajwe tarehe nakala ilipochapwa.

Kwa jumla, waraka huu uliandikwa na mtu anayejua Kiingereza cha uchapaji na anayejua Kiswahili, lakini ambaye hakuingia karakanani kusikiliza. Wachapaji wetu wana lugha yao: wanasema wino, rola, blanketi, pleti, prufu. Mfasiri aanze hapo, kisha aitazame kazi inavyofanyika, na kamusi aifungue mwisho. Tunawaomba wachapaji, walimu na maafisa wa ofisi zinazoagiza kazi za chapa watuletee maneno wanayoyatumia na maoni yao juu ya mapendekezo haya, ili yajadiliwe kabla hayajasanifiwa.