Mkono wa Mtafiti na Mgomba wa Masisi

Mwaka 2001 migomba ya Masisi, Kivu Kaskazini, ilianza kunyauka. Ndizi ziliiva kabla ya siku zake, na ukizipasua, ndani zimeoza. Ukikata shina, unatoka ute wa manjano uliojaa bakteria. Profesa Ndungo Vigheri na wenzake walichapisha taarifa ya ugonjwa huo wa mnyauko mwaka 2006, ya kwanza kwa Kongo. Kwa mtu wa Burungu, huko Masisi, kama kwingine Kivu, mgomba ni chakula, ni pombe ya kasiksi, ni karo ya watoto. Dawa ya kuutibu mnyauko haipo hadi leo.

Ndiyo maana nawasifu watafiti waliomaliza uzamivu na kubaki maabarani kuutafutia ufumbuzi, wakiishi kwa mikataba ya miaka miwili mitatu. Cheo chao hakijulikani kijijini. Kazi yao ni ya mkono kabla ya kuwa ya vitabu.

Ndizi tunazokula hazina mbegu, kwa hiyo anayetaka kubadili jeni zake huanzia kwenye seli. Mtafiti huchukua ua dume changa, lile linaloning'inia chini ya mkungu, analimenya ganda baada ya ganda mpaka libaki kitu kidogo kuliko ncha ya kidole. Chini ya darubini, kwa wembe uliopitishwa motoni, hung'oa vijiua visivyozidi milimita chache na kuvilaza kwenye chakula chao. Kisha husubiri miezi. Vingi hufa. Vichache hutoa chembechembe za manjano, nazo hutiwa katika maji yenye virutubisho na kutikiswa usiku na mchana. Ukungu ukiingia, chupa nzima hutupwa. Na ua hilo hilo ndilo mlango wa ugonjwa shambani, maana wadudu huleta bakteria hapo!

Kwa ufundi huo, maabara ya IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, mjini Nairobi, chini ya Leena Tripathi, ilizima jeni ya DMR6, inayoulegeza ulinzi wa mmea. Mwaka 2021 walitangaza kwamba migomba hiyo iliustahimili mnyauko vizuri zaidi.

Mgomba wa namna hiyo huchukua zaidi ya mwaka kutoka seli hadi chungu. Mkataba ukiisha katikati, mkono uliozoea huondoka, na anayekuja huanza upya. Hiyo ni hasara kubwa. Vyuo vya Goma na Butembo vinao vijana wenye shahada ya uzamivu. Wapewe maabara, umeme usiokatika, na mshahara wa miaka mitano.