Itazame Shafti, Si Beringi

Mteja akiwekewa mkononi beringi mbovu, nyeusi na inayonuka mafuta ya difu, huridhika kwamba kazi imefanyika. Hicho ni kipimo kibaya. Beringi iliyotoka haina thamani tena, na hata ikitoka vipande kumi hakuna aliyepata hasara. Kinachorudi barabarani ni shafti. Anayetaka kujua ubora wa kazi ya kung'oa beringi na aikague shafti ikiwa tupu, kabla beringi mpya haijaingia, kwa sababu baada ya hapo ushahidi wote unafunikwa.

Chukua shafti ya nyuma ya Toyota Hilux ya zamani, yenye muundo unaopatikana pia kwenye Hiace nyingi. Gurudumu hufungwa kwenye sahani ya shafti yenyewe, na uzito wa gari hupita kwenye beringi iliyo karibu na sahani hiyo. Nyuma ya beringi kuna ringi ya chuma iliyoingizwa kwa kubana tu, bila nati wala pini. Ringi hiyo ndiyo inayoizuia shafti isichomoke njiani pamoja na gurudumu lake, ndiyo maana imebana kiasi hicho. Miaka ya kutu na joto huzidisha ukaidi wake, na hapo ndipo fundi hodari na mpiga nyundo wanapoachana njia. Fundi hodari huitoa sadaka ringi ya bei ndogo ili aiokoe shafti ya bei kubwa. Kwa grenda huchimba mtaro kwenye ringi, sambamba na shafti, na husimama chuma kikiwa kimebaki chembamba kama ukucha. Kisha huweka tindo mtaroni na kupiga pigo moja zito. Ringi hupasuka, na sikio hulijua hilo kabla ya jicho: mlio mkali wa chuma kilichobana hugeuka kuwa mlio uliopwaya. Beringi inayofuata hutolewa kwa presi, ikiegemezwa chini ya ringi yake ya ndani. Mzigo ukiegemea bamba la breki, bamba hupinda. Kuigonga beringi moja kwa moja kwa nyundo ni hatari ya aina yake, kwa kuwa chuma chake, chenye kaboni kama asilimia 1 na kromiamu kama asilimia 1.5, kimekomazwa kikawa kigumu sana, nacho hurusha vipande vyenye makali. Bila miwani ya kazi, mtu anahatarisha macho yake.

Sasa ukaguzi wenyewe. Pitisha ukucha polepole pale beringi na ringi zilipokaa, na pale ulimi wa sili ya mafuta unaposugua. Ukucha ukikwama, grenda au tindo imefika isikopaswa. Watu husema, na wana sababu ya kusema, kwamba shafti nyingi zenye alama kama hizo zimetembea mwaka mzima bila shida. Ni kweli, lakini chuma hakivunjiki kwa alama siku ile ile. Shafti ya namna hii hupindwa kidogo na uzito wa gari katika kila mzunguko, na tairi lenye mzingo wa mita 2 huzunguka mara 500 kwa kilomita. Kilomita 10,000 ni mipindo milioni 5, na mkazo wote wa eneo lile hujikusanya kwenye ncha ya ule mkato. Ufa huanza hapo na kujongea bila kelele. Shafti iliyokatika kwa uchovu mara nyingi huonyesha mistari iliyopangana kama ile ambayo maji yanayokupwa huiacha kwenye mchanga, na ukiifuata mistari hiyo utarudi kwenye chanzo cha ufa.

Utetezi wa wanaoipasha ringi kwa mwali wa gesi nao unastahili jibu la haki. Joto linasaidia kweli: ringi yenye kipenyo cha milimita 40, ikiwa na joto la nyuzi 100 zaidi ya shafti, hutanuka karibu milimita 0.05, na aghalabu hiyo inatosha kuilegeza. Lakini faida iko kwenye tofauti. Mwali ukikawia, shafti nayo hupata moto na kutanuka, tofauti hupotea, na ugumu wa uso wake huanza kuondoka. Rangi ndiyo shahidi: manjano ya majani makavu hutokea kwenye nyuzi 230 hivi, buluu karibu na 300. Shafti yenye mkanda wa buluu mahali pa beringi imepikwa, na kuing'arisha kwa msasa huondoa rangi tu.

Kibaya kuliko vyote ni vidoti vya senta panchi. Beringi ya zamani ikiwa imezunguka juu ya shafti na kuila, mpya huingia kwa urahisi wa kutia shaka, na baadhi ya mafundi hutoboa uso wa shafti vidoti vingi ili uvimbe na kubana tena. Hubana siku chache. Beringi hapo imeshikwa na vilele vya vidoti, ambavyo husagika, na shafti iliyokuwa imelika sasa imejaa vianzio vya ufa. Shafti hiyo haifai kurudi barabarani.

Kwenye habu zinazokaa juu ya ncha iliyochongoka, kama zile za nyuma za Triumph Herald ya Uingereza, ukaguzi huhamia kwenye nyuzi za skrubu zilizo kwenye ncha. Zikiwa zimebondeka, nyundo ilitangulia pula. Mwenye kuijua kazi huacha nati mizunguko michache ili habu isiruke, hukaza pula, hugonga kichwa cha skrubu yake, kisha husubiri.

Husemwa pia kwamba gereji ya chini ya mti isiyo na presi isidaiwe mengi. Hapa natofautiana kabisa. Mtaro na tindo ni kazi ya mkono uliotulia, na presi haimzuii mtu kuikwaruza shafti. Hata kurudisha ringi mpya, ambayo lazima iwe mpya, kunawezekana kwa kuipasha kwenye mafuta hadi nyuzi 150 hivi na kuiteremsha upesi hadi iguse beringi bila mwanya. Kwa hiyo omba uonyeshwe ringi ya zamani iliyopasuliwa. Geuza kipande uangalie ukuta wa mpasuko: sehemu kubwa iwe laini, imepitiwa na jiwe la grenda, na ukingo wa ndani kabisa, uliogusana na shafti, uwe wa kijivu na wenye punje za chuma kilichovunjika chenyewe.