Udongo wa Ndoo: Umechoka au Umeshiba?

Nyanya zikishang'olewa, ndoo hubaki na udongo wake. Hapa Tukuyu wengi wetu huumwaga mgombani, kisha tunachota mwingine mweusi nyuma ya nyumba. Safari hii nilianza kwa kuisoma mizizi.

Ndoo zilikuwa kumi. Saba mizizi yake ilikuwa myeupe, misafi. Mbili ilikuwa na vinundu kama shanga: minyoo fundo. Ya kumi ndiyo iliyonitisha. Mche wake ulinyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, na nilipokata shina na kulichovya kwenye glasi ya maji safi, uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka. Huo ni mnyauko bakteria, na hushambulia viazi pia. Kwenye wilaya yetu ya Rungwe, yenye viazi vya Isongole, kumwaga udongo wa namna hiyo shambani ni uchokozi: mvua yetu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na maji hayaulizi mpaka wa jirani.

Kuuanika udongo huo chini ya nailoni ili vimelea vife huhitaji wiki kadhaa za jua kali. Kule Kyela labda; huku Juni ni ukungu na baridi. Kwa hiyo ndoo hizo tatu niliziivisha: pipa lililokatwa, kuni chini, udongo wenye unyevu ndani, gunia bichi juu, na kiazi kimoja kimefukiwa katikati. Kiazi kikiiva, joto limetosha. (Kiazi chenyewe hakiliwi, ingawa harufu yake inashawishi.)

Zile saba safi ndizo zenye somo. Ni kweli naitrojeni na potasiamu zimeliwa na nyanya, nyingine zimekwenda na maji. Fosforasi ni habari nyingine. Udongo wa Rungwe umetokana na majivu ya volkano, na madini yake huing'ang'ania fosforasi hata mmea ukabaki na njaa. Udongo mpya hujilisha kwanza wenyewe. Wa zamani, uliokwisha kula samadi na DAP misimu miwili, umeanza kushiba. Mbolea utakayoongeza sasa itaufikia mzizi kwa urahisi zaidi. Tunaumwaga ulioshiba, tunachota wenye njaa!

Kwa madebe matatu ya udongo huo niliweka debe moja la samadi iliyooza vizuri na viganja viwili vya majivu ya jikoni, maana mvua hii huuachia udongo uchachu. Kwa kuwa ulikuwa umeshindiliwa, niliongeza vijiwe vyepesi vya pumisi. Nikapanda chainizi na vitunguu. Nyanya, hoho na bilinganya ni ukoo mmoja, zitasubiri.

Mahali pamoja tu sitautumia, hata uwe msafi kiasi gani machoni: viriba vya miche ya parachichi. Ugonjwa wa kuoza mizizi husafiri ndani ya kiriba, na mteja huugundua mti ukiwa umeshashika shambani, pesa yake imekwisha kulipwa.