Wanaolea Ukungu

Jua likishapanda, ule unyoya mweupe ulio chini ya jani hukauka. Aliyechelewa kufika shambani huambulia doa jeusi tu, na madoa meusi kwenye kiazi yana wenyewe wengi. Ndiyo maana mtafiti wa bakajani chelewa, awe Tigoni huko Limuru, Uyole Mbeya au Kachwekano karibu na Kabale, huingia mashambani buti zikilowa umande. Hugeuza jani na kutafuta ukingo, pale kijani kinapokutana na kilichooza. Katikati ya doa kila kitu kimekwisha kufa. Ugonjwa wenyewe uko hai pale ukingoni, nao ndio anaoukata na kuondoka nao.

Wakulima huuita ukungu, na wataalamu nao kwa muda mrefu waliuhesabu kuwa kuvu. Kwa nasaba uko karibu zaidi na ule mwani wa kahawia unaotupwa ufukoni kuliko na uyoga. Anton de Bary, Mjerumani aliyeufuatilia kwa hadubini miaka ya 1860, aliipa jenasi yake jina la Phytophthora mwaka 1876, yaani mharibu mimea kwa Kigiriki. Jina halikutiwa chumvi: Ireland ilikuwa imekwisha kuzika watu wapatao milioni moja katika njaa iliyoanza mwaka 1845.

Ukubwa wa balaa hilo umeandikwa vya kutosha. Mimi navutwa na udogo wa kazi inayofuata baada ya jani kukatwa. Kile kipande cha ukingo huwekwa chini ya slesi nyembamba ya kiazi kibichi, ndani ya kisahani chenye unyevu, mahali pa baridi. Kisha mtu hungoja. Bakteria na kuvu wengine waliodandia doa hubaki chini wakihangaika na uozo. Ukungu wenyewe hupenya nyama ya kiazi na, baada ya siku chache, huchomoza upande wa juu kama vumbi la unga. Kiazi ndicho chujio! Nimesoma habari za mitambo mingi ya maabara yenye bei ya kutisha, na bado sijaona iliyo nadhifu kuliko slesi hiyo.

Kutoka hapo nyuzi chache huhamishwa kwa ncha ya sindano hadi kwenye jeli iliyopikwa kwa nafaka ya rai, chakula ambacho ukungu hukipenda. Lakini raha nayo ina gharama. Ukungu uliokaa sana kwenye jeli hulegea na kupoteza makali, ikabidi urudishwe kwenye jani bichi ukumbuke kazi yake. Anayetaka kuushinda hana budi kuulea kwanza, na kuulea vizuri, kwa sababu aina ya kiazi iliyopimwa kwa ukungu dhaifu itamwaibisha msimu wa mvua.

Siku ya kupima, vifuko vya spora huoshwa kwa maji na kutiwa kwenye friji kwa saa moja au mbili. Kwenye joto, kila kifuko huchipua chenyewe kama mbegu. Kwenye baridi hupasuka na kumwaga waogeleaji wadogo wenye mikia miwili, kama inavyotokea usiku wa mvua milimani. Huhesabiwa chini ya hadubini, kisha tone moja hudondoshwa mgongoni mwa jani.

Shambani, kazi ni ya jicho. Mistari ya kiazi kisicho na kinga hupandwa makusudi ili ieneze ugonjwa, kisha kila wiki mtu mmoja, yuleyule tangu mwanzo wa msimu, hupita akikadiria ni asilimia ngapi ya majani imeungua. Jicho lisilofunzwa hudanganya, maana madoa machache hulishtua likaandika 10 penye 2. Tarakimu hizo huchorwa mstari unaopanda, na kinachohesabiwa ni eneo lililo chini yake. Napenda haki iliyomo humo. Aina mbili zinaweza zote kuishia kwenye asilimia 100, lakini ile iliyochelewa kufika huko kwa wiki mbili imeshajaza viazi chini ya udongo, na kwa mkulima hilo ni gunia.

Wazalishaji wa mbegu wa karne iliyopita walitegemea jeni 11 za kinga kutoka kiazi mwitu kiitwacho Solanum demissum, na nyingi kati yake ukungu ulizivuka. Ndipo Kituo cha Kimataifa cha Viazi (CIP) na wenzao wa Uganda wakaweka jeni tatu kwa pamoja ndani ya aina ya kiazi iitwayo Victoria, zilizotoka kwa viazi mwitu vya Mexico na Argentina. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha majani yaliyobaki mazima bila kupuliziwa dawa. Ukungu nao haukai kitako. Kwenye viazi vya Afrika Mashariki ukoo wa zamani, US-1, umesukumwa kando na mgeni aitwaye 2_A1, ingawa kwenye nyanya ule wa zamani uliendelea kupatikana.

Kwa hiyo majani mapya huletwa, slesi mpya hukatwa, na kisahani cha zamani hakitupwi. Sikukuu ikikaribia, ofisi nyingine hupanga nani atafunga mlango. Maabara ya bakajani hupanga nani atabaki kuulisha ukungu.