Kiumbe Mla Chumvi: Namna Mhusika Mgeni Alivyojengwa katika "The Man Trap"

Katika tamthilia za runinga zinazorushwa kila wiki, mhusika mgeni ni yule anayeingia katika sehemu moja, akatimiza kazi aliyoitiwa na kuondoka, huku wahusika wakuu wakibaki kwa ajili ya wiki zinazofuata. Kazi yake ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mhusika mkuu hujengwa polepole na watazamaji humsamehe siku anapopwaya, ilhali mgeni hupewa dakika zisizotimia hamsini za kujulikana, kuaminika na kukumbukwa. Bunilizi za kisayansi, yaani hadithi zinazosimama juu ya makisio ya kisayansi kuhusu ulimwengu au wakati ambao bado haujafikiwa, humwongezea mzigo mwingine, kwani mgeni wake mara nyingi si binadamu, na mtazamaji hana kipimo alichokizoea cha kumpimia.

Star Trek, tamthilia ya Marekani iliyobuniwa na Gene Roddenberry, ilizalisha wageni wengi waliopendwa, na anayetajwa mara nyingi zaidi ni Khan, aliyeigizwa na Ricardo Montalbán mwaka 1967. Hata hivyo, kwa msomaji wa Kiswahili, na hasa kwa msomaji wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, yupo mgeni mwingine anayestahili kuchambuliwa kwanza: kiumbe wa sayari M-113 anayeonekana katika "The Man Trap", sehemu iliyoandikwa na George Clayton Johnson, ikaongozwa na Marc Daniels, na kurushwa na kituo cha NBC tarehe 8 Septemba 1966 ili kuufungua mfululizo wote, ingawa haikuwa ya kwanza kupigwa picha. Kiumbe huyo anazungumza Kiswahili, na anachokitafuta ni chumvi. Mambo hayo mawili si mapambo yaliyobandikwa juu ya hadithi, bali ndiyo nguzo zinazomshikilia mhusika mzima.

Ufundi wa Johnson unaanza katika utangulizi, yaani dakika chache zinazotangulia jina la tamthilia. Nahodha Kirk, Daktari McCoy na mfanyakazi kijana aitwaye Darnell wanashuka kutoka meli yao ya angani katika sayari hiyo kuwapima afya Profesa Crater, mtafiti wa magofu, na mkewe Nancy, ambaye zamani alikuwa mpenzi wa McCoy. Mwanamke anapoingia chumbani, McCoy anamwona kijana vilevile kama alivyomwacha miaka mingi nyuma, Kirk anamwona mama wa makamo mwenye mvi, na Darnell anamwona msichana mwingine kabisa, mwenye nywele za rangi ya dhahabu, aliyewahi kukutana naye katika sayari ya starehe. Daniels halielezi jambo hilo kwa maneno. Anaiweka kamera mahali pa macho ya kila mmoja wa wanaume hao kwa zamu, na mwigizaji Jeanne Bal anabadilishwa umri kati ya picha moja na nyingine, kisha nafasi yake inashikwa na mwigizaji mwingine katika picha ya Darnell. Kwa mbinu hiyo mtazamaji anafahamu, kabla hata ya hadithi kuanza rasmi, kwamba mgeni huyu haonyeshi sura yake bali huvaa sura ambayo moyo wa anayemtazama unaitamani au unaikumbuka.

Mbinu hiyo iliokoa pia gharama. Vazi la kiumbe katika umbo lake halisi, lenye manyoya, macho yaliyozama na mdomo mfano wa tundu la kufyonzea, lilitengenezwa na Wah Chang, fundi aliyebuni pia baadhi ya vyombo maarufu vya tamthilia hiyo, lakini linaonekana kwa muda mfupi sana karibu na mwisho. Muda wote uliobaki kiumbe anachezwa na waigizaji wenye sura zao za kawaida, ambao walipaswa kumfanya mtazamaji aamini kwamba ndani yao anaishi kiumbe mmoja. Hapo ndipo ilipohitajika alama ya pamoja: Nancy wa uongo na Green wa uongo, yule mfanyakazi ambaye sura yake inaibwa baada ya kuuawa, wote wawili hupeleka kidole mdomoni na kukiuma njaa inapowazidi. Ni ishara ndogo, nayo inatosha, kwa kuwa mtazamaji akishaijua huanza kuitafuta katika kila mkono unaoinuka.

Mhusika mwenye sura nyingi namna hiyo angesambaratika kama asingepewa kitu kimoja kisichobadilika. Kitu hicho ni hitaji lake. Maiti wa kwanza anapopimwa, McCoy anagundua kwamba mwili wake hauna chumvi hata kidogo, na kuanzia hapo kila tendo la kiumbe linasomeka kwa urahisi: anamfuata karani Rand katika ukumbi wa meli si kwa sababu ya uzuri wake, bali kwa sababu sinia alilobeba lina kichupa cha chumvi. Kisayansi uteuzi huo una mashiko, maana bila madini ya sodiamu yaliyomo katika chumvi mishipa ya fahamu haiwezi kupeleka habari wala misuli kukaza, na kiasi cha maji ndani ya damu hakiwezi kudhibitiwa. Johnson aliitumia hoja hiyo hata katika kumwokoa Spock, ofisa wa meli, ambaye anashambuliwa na kupona kwa kuwa damu ya watu wa sayari yake ina chumvi za aina nyingine.

Kwa watu wa Ilagala, kata ya Wilaya ya Uvinza iliyo karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia ziwani, nguvu ya hitaji hilo inathibitishwa na historia ya mto wenyewe. Huko juu, karibu na makutano ya Malagarasi na Ruchugi, zipo chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza, na uchunguzi wa kiakiolojia uliofanywa na John Sutton na Andrew Roberts katika miaka ya 1960 ulionyesha kuwa chumvi imekuwa ikichemshwa hapo tangu katikati ya milenia ya kwanza baada ya Kristo. Katika karne ya 19 watu walifika kutoka mbali wakati wa kiangazi, mito ikiwa imepungua, wakapiga kambi, wakayachota maji ya chemchemi na kuyachemsha vyunguni mpaka yakakauka ikabaki chumvi tupu, wakawatolea ushuru watawala wa Wavinza, kisha wakaichukua mizigo yao kuelekea Ujiji, Burundi, Unyanyembe na ng'ambo ya ziwa. Wajerumani walipojenga kiwanda mahali hapo mwanzoni mwa karne ya 20 na kukiita Gottorp, kabla ya reli ya kati kufika Kigoma mwaka 1914, waliikuta biashara iliyokwisha kuunganisha nchi nyingi. Yanayohusu uchambuzi huu katika historia hiyo ni mawili: kwamba watu wenye njaa ya chumvi husafiri mpaka nchi ya wenzao kuitafuta, na kwamba Uvinza ulikuwapo utaratibu uliomwezesha mgeni kuipata bila kumwaga damu, nao ni ushuru. Jambo la pili litarejewa, kwa sababu ndilo linaloonyesha mahali hadithi ya Johnson inapolegea.

Sehemu iliyo bora kuliko zote ni ile ya Uhura. Ofisa huyo wa mawasiliano, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, anatembea peke yake ukumbini anapokutana na mwanamume mweusi, mrefu, aliyevaa sare ya meli, ambaye hamfahamu ingawa anahisi kama anamfahamu. Mwanamume huyo, aliyeigizwa na Vince Howard, hakupewa jina hata moja katika hadithi, na anapoulizwa anajibu kwamba yeye ni mfano wa mtu ambaye Uhura alikuwa akimfikiria dakika hiyo, kisha anamwambia kuwa anaonekana mpweke. Baada ya hapo anaanza kumsemesha kwa Kiswahili, na Uhura anamjibu kwa Kiswahili.

Inafaa kuangalia kwa makini ni nini kinachofanywa hapo. Kwa McCoy chambo kilikuwa uso wa mpenzi wa zamani, na kwa Darnell kilikuwa uso wa msichana wa starehe. Kwa Uhura uso pekee haukutosha, kwa kuwa mwanamume anayesimama mbele yake si mtu aliyewahi kumjua. Lugha ndiyo inayotimiza kile ambacho sura haikuweza. Mwandishi amekisia, na amekisia sawasawa, kwamba mtu aliye mbali na kwao, anayefanya kazi mchana kutwa katika lugha ya wengine, hulegeza ulinzi wake anaposemeshwa ghafla kwa lugha ya nyumbani, hata kama msemaji hajulikani. Kila aliyewahi kufika mji wa ugenini akasikia mtu akipiga hodi kwa Kiswahili anaielewa nguvu hiyo. Nichols anaionyesha bila kuzidisha: mabega yanashuka, tabasamu linakuja kabla ya fikira, na mtu anayemkaribia haachi kumkazia macho mpaka Uhura anapofikia kuegemea ukuta asiweze kusogea. Anaokolewa na sauti ya spika inayomwita kazini, pamoja na kufika kwa wenzake Sulu na Rand kwenye lifti.

Mazungumzo hayo hayakufasiriwa. Kwa mtazamaji wa Marekani wa mwaka 1966 yalikuwa sauti tu, na kazi yake ilikuwa kumjulisha kwamba wawili hao wana jambo lao ambalo yeye hakualikwa. Kwa mtazamaji anayejua Kiswahili hali inageuka, kwa sababu yeye ndiye aliyealikwa, naye anatongozwa pamoja na Uhura. Kiumbe anamfikia moja kwa moja, bila McCoy wala Kirk kusimama katikati. Watengenezaji hawakuwa wamemkusudia mtazamaji huyo, maana Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha runinga mpaka mwaka 1994, lakini tendo linamhusu yeye kwa ukamilifu zaidi kuliko wale waliokusudiwa. Matamshi ya waigizaji hao wawili, wote Wamarekani, ni ya watu waliojifunza maneno kwa ajili ya siku ya kupiga picha, na anayeishi na lugha hii atayatambua mara moja. Kasoro hiyo haiharibu tendo, kwa sababu wote wawili wanayatamka maneno kama watu wanaoelewana, wala hawayatamki kama watu wanaokariri.

Ubora wa tendo hilo unaonekana zaidi likilinganishwa na "The Changeling", sehemu iliyorushwa tarehe 29 Septemba 1967 chini ya mwongozaji huyohuyo. Mgeni wa hapo ni Nomad, mashine inayofuta kumbukumbu zote za Uhura, naye analazimika kufundishwa upya kusoma Kiingereza. Anapokwama, Kiswahili ndicho kinachomtoka. Wazo ni zuri, la kwamba lugha ya kwanza hubaki hata baada ya mengine kufutwa, ila limetumiwa kwa haraka na mashine yenyewe haihusiki nalo. Katika "The Man Trap" Kiswahili ni silaha ya mgeni, na kwa hiyo kinamjenga mgeni. Katika "The Changeling" ni taarifa tu kuhusu Uhura.

Inabaki kasoro. Profesa Crater anakiri kwamba mkewe halisi aliuawa na kiumbe huyo zamani, kwamba kiumbe ndiye wa mwisho wa jamii yake, na kwamba amekuwa akiishi naye kwa kumpa chumvi na kupewa mapenzi ya sura ya Nancy. Baada ya hapo, maofisa wanapojadiliana mezani namna ya kumkamata, kiumbe mwenyewe ameketi pamoja nao akiwa amevaa sura ya McCoy, na DeForest Kelley anamwigiza kwa upole uliopungua kidogo kuliko kawaida ya daktari huyo. McCoy huyo wa uongo anasema kwamba kiumbe anayetafutwa ana akili, anajaribu kuishi tu, na angeweza kupewa chumvi bila hila. Ndiyo hoja ya Uvinza: mgeni mwenye njaa apewe njia ya kuipata chumvi kwa mapatano. Kirk anajibu kwamba watu wake wanauawa, na jibu hilo ni la haki, kwani maiti wapo. Lakini Johnson haruhusu hoja hizo mbili zishindane. Mazungumzo yanahamia kwenye dawa ya kumfanya Crater aseme kweli, na meli yenye vidonge vya chumvi vya kutosha inageuka kuwa uwanja wa kuwinda.

Udhaifu huo ni wa kiufundi kabla ya kuwa wa kimaadili. Mwandishi aliyemjenga mgeni juu ya hitaji moja lililo wazi amejifunga kueleza kwa nini hitaji hilo haliwezi kutimizwa, na maelezo ya kutosha hayakutolewa. Kirk anapomnyoshea kiumbe vidonge vya chumvi katika chumba cha McCoy, anafanya hivyo ili kumtega ajitambulishe, na kiumbe anayapumbaza macho ya nahodha na kuanza kumfyonza, ingawa chumvi anayoitaka iko mkononi mwa nahodha huyo. Tendo hilo linapingana na kila kitu kilichoonyeshwa kumhusu tangu utangulizi, yaani mtu wa njaa, wala si mtu wa chuki. Lingeweza kuokolewa kwa sentensi moja tu ya Crater, inayoeleza kwamba chumvi iliyokaushwa huipunguza njaa hiyo bila kuishibisha.