«Ndiyo» ya nani? Hadisi mbili za ndoa kutoka Uhindi

Katika hadisi nyingi za Uhindi ndoa inaunganisha nyumba mbili, si watu wawili tu. Wazazi wanatafuta muchumba, wanachunguza dini, mali na tabaka la jamaa yake. Akiona hayo, mutu anasema upesi: «Kule vijana hawana uhuru.» Mbele ya kuhukumu hivi, tulinganishe hadisi mbili.

Ya kwanza, Balika Vadhu, maana yake «bibi arusi mutoto», ilionyeshwa katika televizyo ya Uhindi tangu 2008 hata 2016, kwa sehemu zaidi ya 2,000. Katika jimbo la Rajasthan, Anandi, mwenye miaka 8, anaozwa kwa Jagdish, mutoto kama yeye. Anahamia nyumba inayotawaliwa na nkambo ya mume wake, Kalyani Devi. Jagdish akiisha kukua, anakwenda Mumbai kusoma uganga, na kule anaoa mwanamuke mwingine. Hapo hadisi inasema kweli: kijana huyo ana kosa, lakini naye hakuulizwa siku ya arusi yake. Sheria haikukosekana. Tangu 1929 serikali ilikataza ndoa za watoto, na sheria ya 2006 inadai miaka 18 kwa musichana na 21 kwa mwanaume. Lakini ndani ya nyumba neno la nkambo lilikuwa na nguvu kuliko sheria.

Kosa la kazi hii ni urefu wake. Hadisi inayorudi kila jioni inadai machozi mapya kila jioni. Mwishowe mutazamaji anazoea, na desturi iliyopaswa kumuchukiza inamufurahisha kwa mavazi na dhahabu yake.

Ya pili ni A Suitable Boy, kitabu cha Vikram Seth cha 1993, chenye kurasa zaidi ya 1,300. Mwaka 2020 Mira Nair alikitengenezea BBC filimu ya sehemu 6. Inapendeza, lakini kitabu ndicho kinachotupa nafasi ya kumufuata Lata polepole. Tuko mwaka 1951. Lata anasoma chuo kikuu. Mama yake, mujane, anamutafutia mume. Yeye anamupenda Kabir, Muislamu. Amit, mutunga mashairi, anamutaka pia. Mwishowe anamukubali Haresh, mufanya kazi ya viatu, aliyetakiwa na mama.

Wasomaji wengi walikasirika, nami nilisikitika nilipofunga kitabu. Je, mama ndiye aliyekubali mahali pa binti? Sioni hivi. Lata anapima, anachelewa, anamweleza rafiki yake Malati kwamba anaogopa mapendo makali. Woga upo, maana damu ya 1947, Uhindi ulipogawanyika, haijakauka. Lakini woga unaopunguza uhuru si sawasawa na woga unaouua. Lata aliweza kusema hapana. Anandi hakuweza.

Eklezya inafundisha kwamba kukubali kwa wachumba ndiko kunakofanya ndoa, wala hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kukubali mahali pao. Kwa hiyo, tunapowapokea wachumba, tusiishie kuuliza nani aliwakutanisha. Tumuulize kila mumoja peke yake, mbali na wazazi: «Kama ungekataa, ingekuwa namna gani nyumbani kwenu?» Tena tumungojee ajibu.