Sauti ya Kwanza katika Filamu

Fanani wa ngano hubisha hodi. Husema "Paukwa", nao wasikilizaji wakajibu "Pakawa", na tangu hapo ngano huwa mali yao wote. Filamu haina adabu hiyo. Taa huzimwa, na kabla mtazamaji hajakaa sawasawa, kamera imekwisha kumchagulia mahali pa kusimama, na vipaza sauti vimekwisha kumwambia nani wa kusikilizwa na nani wa kupuuzwa. Hata hivyo wengi wetu tukiulizwa juu ya filamu tuliyoiona, hueleza hadithi yake tu: nani alifanya nini, akapatwa na nini, na funzo ni lipi. Huko ni kutazama maudhui na kuisahau fani, kosa ambalo mwanafunzi wa ushairi asingesamehewa.

Katika makala haya tutazitazama dakika chache za mwanzo wa filamu moja, The African Queen, iliyoongozwa na John Huston mwaka 1951 kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Tumeichagua kwa kuwa hadithi yake imewekwa katika nchi yetu, na kwa kuwa iliwahi kutuaibisha.

Filamu inaanzia juu mitini. Kamera imeelekezwa angani, nayo yapita polepole chini ya matawi, jua likipenya kati ya majani, huku majina ya waigizaji yakionekana. Masikio yanajaa sauti za msitu. Kisha tunashushwa kijijini, na maandishi yanatuambia kwamba hapa ni Afrika Mashariki ya Wajerumani, Septemba 1914. Kuna kanisa lililoezekwa kwa nyasi, na humo mnatoka mchafuko wa sauti za watu. Tukiingia ndani twamwona Rose Sayer, yaani Katharine Hepburn, akikanyaga kinanda huku jasho likimtoka, na kaka yake mchungaji, yaani Robert Morley, akiongoza wimbo wa dini kwa sauti kuu. Hao wawili wanaimba. Waumini, ambao ndio wenyeji, wanavuma tu. Maneno hayatambulikani wala sauti haifuatwi. Mara filimbi ya mvuke inalia mtoni. Charlie Allnut, yaani Humphrey Bogart, anawasili na mashua yake. Anatupa kipande cha sigara, watu wanakigombania, na ibada inavurugika.

Kwa ufundi, mwanzo huu ni kazi ya mabingwa. Mpiga picha Jack Cardiff ametuonyesha joto la mahali kwa rangi na kwa jasho, pasipo mtu kutamka kwamba kuna joto. Filimbi inasikika nasi tungali kanisani, hata tukamngojea mwenye filimbi kabla ya kumwona. Kuitanguliza sauti mbele ya mwenyewe ni mbinu ambayo kila kijana atakaye kutengeneza filamu hana budi kuijua, kwa maana humpa mtu uzito kabla hajafungua kinywa. Wala tusimwonee mwongozaji. Dhihaka yake imewalenga pia wamisionari hao wawili, waliosafiri mbali kuja kufundisha wimbo usiofundishika.

Lakini hebu tuzipange sauti hizo kwa daraja. Msitu una sauti iliyo wazi, nzuri hata. Kinanda kina sauti. Mashua ina sauti inayogeuza vichwa vya watu wote. Wenyeji peke yao ndio waliopewa kelele. Miti yao inaeleweka kuliko wao. Na Rose, aliyedhihakiwa kanisani, amebakiziwa zaidi ya saa moja na nusu ya kujirekebisha mbele yetu, akawa shujaa. Waumini wale hawakubakiziwa kitu: muda mfupi baadaye askari wa Kijerumani wanakichoma kijiji, nao wanatoweka wasirudi tena katika hadithi. Jambo walilotuachia ni ile kelele.

Tuliiona filamu hiyo kwa mara ya kwanza tukiwa wanafunzi wa sekondari, katika shule ambayo hatutaitaja, ukutani, kwa mashine ya kuazima. Wimbo ule ulipoanza tulicheka. Tulicheka mpaka tukapigana mabega, na kwa wiki nzima baadaye palikuwa na mwigizaji wetu bwenini wa kuuvuma ule uvumi. Mpishi wa shule, mzee aliyekuwa mwimbaji wa kwaya kwao, alikuwa amesimama nyuma yetu. Aliondoka kabla ya filimbi. Kesho yake wakati wa kugawa uji alituuliza, "Wanangu, wale wameshindwa kuimba, au wameambiwa washindwe?" Hatukuwa na jibu. Imetuchukua miaka mingi kuona kwamba swali lile lilikuwa ndilo uhakiki wa kwanza wa filamu tuliopata kuusikia.

Maana sisi ni watu wa Igalula, kituo cha reli kabla ya kufika Tabora kwa mtu atokaye Dar es Salaam, na katika Unyamwezi tunajua jambo moja juu ya kuimba. Wapagazi wa misafara, waliobeba pembe na vitambaa kati ya Ujiji, Tabora na pwani, walikwenda kwa wimbo. Kirangozi alitangulia, ngoma ikampa hatua, yeye akatoa na wao wakapokea. Na karibu na mji baragumu la pembe lilipulizwa ili wenyeji wajue nani anakuja. Kama kuna watu waliofahamu maana ya sauti itanguliayo, ni hao. Na nyimbo za kanisa nazo zilikwisha kufika: Wamoraviani walikuwa Urambo tangu mwaka 1898. Septemba 1914 haikuwakuta watu wa sehemu hizi wakishangaa kinanda.

Hata meli ya Wajerumani anayoiwinda Rose katika hadithi ile ina ndugu yake wa kweli. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli, ikashushwa ziwani mwaka 1915. Baadaye ikaja kuitwa Liemba. Makasha hayo yalipita hapa petu. Filamu, kwa upande wake, ilipigwa Kongo, Uganda na London. Tanganyika ilitoa jina tu.

Katika miaka hiyo hiyo palikuwa na wataalamu waliotunga kanuni juu ya macho yetu. William Sellers, kiongozi wa kitengo cha filamu cha makoloni kilichoanzishwa London mwaka 1939, alifundisha kwamba filamu za kuonyeshwa Waafrika ziende polepole, zisiwe na hila, na kamera isigeuzwe upande kwa upande, kwa kuwa watazamaji wangedhani ni vitu vinavyokwenda. Kabla yake, kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika Usambara, zilitengenezwa filamu zisizo na sauti, na maelezo yakawekwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali. Picha ikabaki ile ile, msemaji akabadilishwa. Sisi tungependa Bwana Sellers angepanda garimoshi daraja la tatu toka Dodoma hadi Tabora. Kila mtoto aliyekaa dirishani ameiona miombo ikikimbia kwenda nyuma, akaifurahia, wala hakushuka Igalula akidai kwamba miti imehamia Manyoni.

Itakuwa rahisi kumaliza hapa, tukiwa tumewalaumu wageni. Lakini tumekaa pia mbele ya filamu za video ambazo vijana wetu wamekuwa wakizitengeneza tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tumehesabu ni mara ngapi zimeanza kwa namna moja. Gari linafika mbele ya geti. Honi inalia. Mlinzi anakimbia kufungua, hana jina, aghalabu hana neno ila "Shikamoo, bosi". Kamera inaingia pamoja na gari, inayazunguka magurudumu, inapanda ngazi za nyumba ya kifahari. Mlinzi anaachwa nje. Tukiweka honi mahali pa filimbi ya Allnut, na mlinzi mahali pa waumini, ni daraja zile zile za sauti. Kasumba hiyo hatukulazimishwa na mtu.

Walimu wanaweza kufanya jaribio dogo lisilogharimu kitu. Tulilifanya na kidato cha tatu mwaka jana, kwa filamu moja ya nyumbani: tuliufunika uso wa televisheni kwa kanga, tukawaacha wanafunzi wasikilize dakika tano za mwanzo na kuandika ni nani wanayemsikia. Wengi waliandika gari. Msichana mmoja aliandika kwamba kuna mtu anayekimbia kwa ndala, na anataka kujua anaitwa nani.